Aibu Si Pilau Kupunguka, Aibu Ni Pilau Kumwagwa

Atakaye kujua maana ya kutotupa kitu na autazame mnazi. Wazee wetu wa Mwambao walikunywa maji ya dafu, wakaikuna nazi, na tui likishakamulika, chicha walipewa kuku. Kifuu kilichongwa upawa au kata, na kisichofaa kikatiwa mekoni. Makumbi yalifukiwa katika tope la pwani hata yakalainika, kisha yakapondwa na kusokotwa kamba. Makuti yaliezekea nyumba, na njiti zake zikafungwa fagio. Hayo hayakuwa na jina kubwa wala mikutano. Ilikuwa ni ada tu.

Leso nayo ilikuwa na umri wake. Ikiwa mpya ilivaliwa Idi na harusini, ikipauka ikawa ya jikoni, kisha ikawa mbeleko, kisha winda la mtoto, na mwisho tambara la kuepulia sufuria. Ilipofika jaani haikuwa imebaki na kazi yoyote ambayo haijaifanya.

Sasa na tuzitazame harusi zetu za leo. Mtu akialika watu 300, jamaa humshauri apikie 500. Masinia hujazwa mpaka yakafurika, watu wanne wakala nusu, na nusu iliyobaki ikachanganywa na maganda ya ndizi na chupa za maji. Usiku ule ule, nyuma ya ukumbi, pilau ya nyama ya mbuzi humwagwa katika mapipa, ilhali mtaa wa pili kuna nyumba iliyolala kwa chai kavu. Na huyo aliyepika, aghalabu, bado anadaiwa na mwenye duka la mchele.

Twajiuliza: haya yatokana na utajiri? La. Yatokana na hofu ya kusemwa. Kila mzazi anachelea isije ikavuma mtaani kwamba harusini kwa fulani chakula kilipunguka. Maneno hayo huweza kudumu miaka. Lakini ni nani aliyepata kusemwa kwa sababu chakula chake kilimwagwa? Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tumeiweka aibu mahali pasipo pake.

Dini yetu haikutuachia shaka katika jambo hili. Qurani Tukufu, katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, imetuhalalishia kula na kunywa, na papo hapo ikatukataza israfu. Na katika Sura ya Al-Israa wabadhirifu wamehesabiwa kuwa ni ndugu wa mashetani. Mtume wetu (S.A.W.) aliamuru tonge lililoanguka liokotwe, liondolewe uchafu na liliwe. Alikuwa akishona nguo yake mwenyewe. Na alipomwona kondoo aliyekufa, aliyekuwa wa sadaka, aliuliza kwa nini watu hawakuitumia ngozi yake. Walipomwambia kuwa ni mzoga, aliwafahamisha kwamba kilichoharimishwa ni kumla. Basi ikiwa hata mzoga una kitu cha kufaidiwa, je, sinia la pilau safi?

Madhara yenyewe hayaishi mlangoni petu. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula, na sehemu 60 katika kila 100 zilitoka majumbani, si viwandani wala hotelini. Chakula kikirundikwa jaani huoza kwa kukosa hewa, kikatoa gesi ya methani inayozidisha joto la ulimwengu. Na kila kombe la mchele lililomwagwa limekwenda na maji yaliyoumwagilia, mafuta ya meli iliyouleta, na jasho la aliyeulipia.

Dawa ipo, nayo ina daraja zake. Ya kwanza ni kuzuia, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Wageni wahesabiwe kweli, na wapishi waambiwe hesabu hiyo. Sinia lipakuliwe kiasi, na atakaye aongezwe. Kuongezwa ni heshima, si unyonge. Na katika Ramadhani, vyakula vya futari vipungue aina, kwani tumbo lililofunga mchana kutwa halihitaji vyakula saba ili lishibe.

Ya pili ni kugawa. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini pilau huoza, na kwa joto letu la Pwani haingoji asubuhi. Basi kila harusi na iwe na watu wawili watatu waliopewa kazi hiyo tangu mwanzo, wenye vyombo safi vyenye vifuniko, wakitenge chakula kisichoguswa kingali moto na kukifikisha usiku huo huo kwa mayatima, wajane na walinzi wa usiku. Kisiachwe kikalala ndipo kikaitwa sadaka.

Ya tatu ni mabaki. Yanayoliwa na mbuzi na kuku wapewe, na maganda yafukiwe yawe mbolea. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Tusingoje askari wa kaunti kuja kutufundisha walilolijua bibi zetu.

Mwendo ni huo huo katika nguo. Siku hizi harusi moja huwa na sare ya siku hii na sare ya siku ile, na kijora kikishavaliwa usiku mmoja na kupigwa picha, hufungiwa sandukuni milele. Mitumba ya Kongowea imewasitiri wengi, wala hatuibezi. Lakini urahisi wa bei umetuzoeza kununua tusichokihitaji. Kabla ya kununua, tutazame tulicho nacho. Fundi wa charahani angaliko mtaani: kanzu ya baba huweza kupunguzwa ikamfaa mwana, na kilichochanika kikatiwa kiraka. Kinachofaa kuvaliwa na kitolewe kikiwa kimefuliwa na kupigwa pasi, kwani anayepokea naye ana heshima yake.

Twawaomba masheikh walitaje jambo hili katika hotuba za nikaha, na akina mama, ambao ndio wenye amri ya sufuria na sare, walianze wao. Siku tutakapomsifu aliyepika kiasi, na kumwonea haya aliyemwaga, mapipa ya nyuma ya kumbi yatakuwa matupu. Wala hapatakuwa na mgeni aliyerudi na njaa.