Uhaba, Upungufu au Ukosefu?

Wanafunzi wenzangu, katika jaribio la Kiingereza muhula huu tulikutana na neno "dearth". Wengi wetu tuliandika "uhaba" tukapita. Mimi nililitafuta katika kamusi, na kumbe limezaliwa na neno "dear", yaani ghali. Zamani lilitajwa hasa wakati wa njaa, nafaka ilipopungua na bei yake ikapanda.

Babu yangu hahitaji kamusi kwa jambo hili. Anakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari na sabuni zilipoitwa "bidhaa adimu". Dukani hamna, kwa mlanguzi zipo, ukiwa na fedha za kutosha. Ni kweli nchi ilipungukiwa fedha za kigeni. Lakini mwaka 1983 Serikali ilipowasaka walanguzi, mali nyingine ilitoka mafichoni. Je, iliyofichwa nayo yafaa kuitwa adimu? Kwangu mimi, adimu ni kitu kama lile ua la Saintpaulia la misitu yetu ya Usambara, ambalo kwa asili yake halioti ovyo.

Na uhaba nao una mahali pake. Haba ni kidogo, lakini kipo, ndiyo maana haba na haba hujaza kibaba. Upungufu ni hesabu: vyatakiwa vitabu arobaini, viko thelathini. Ukosefu ni kutokuwapo.

Nasema haya kwa sababu nilikosa mimi mwenyewe. Muhula uliopita, nikiwa kiranja wa maji, mabomba ya bweni yalikauka, nami nikaandika ubaoni: "Uhaba wa maji. Vumilieni." Hapa Kwamkoro! Jirani zetu wa Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Mto Sigi utokao milima hii huwanywesha watu wa Tanga mjini. Lakini neno lile lilitutosha sote. Nani atauliza habari za mbingu? Siku tatu wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza waliteremka mtoni na ndoo kabla ya alfajiri, na mmoja aliteleza akavunjika mkono.

Siku ya nne mpishi alipanda hadi kwenye tangi. Lilikuwa limejaa, linafurika. Kiungo cha bomba kilikuwa kimeachana, akakifunga kwa mpira wa baiskeli, kazi ya robo saa. Maandishi yale ubaoni niliyafuta kwa mkono wangu.