Mkate Unapogeuka Adui wa Mwili

Je, nyumbani mwako mna mtoto ambaye kila asubuhi hunywa chai kwa mkate au mandazi, lakini hanenepi? Tumbo limemfura, huharisha mara kwa mara, na wenzake darasani wamempita kwa kimo. Dawa za minyoo umempa, za kuongeza damu umempa, nafuu haiji. Yawezekana adui yumo katika mkate wenyewe.

Ugonjwa huo huitwa seliaki, nao huandama ukoo. Mwenye nao akila gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba. Vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula humo hunyauka. Basi mtu hula akashiba, ilhali mwili una njaa.

Hapo madhara huenea kila mahali. Madini ya chuma yasipofyonzwa, damu hupungua na mtu huchoka ovyo. Kalisiamu ikikosekana, mifupa huwa dhaifu na kuvunjika upesi. Wengine hupata vidonda mdomoni, vipele vya kuwasha viwikoni na magotini, au ganzi miguuni. Msichana aweza kuchelewa kubalehe, na mama kuharibikiwa na mimba. Wapo wasioumwa na tumbo kabisa, ndiyo maana ugonjwa hujificha kwa miaka.

Daktari Mholanzi, Willem Dicke, aliishuku ngano tangu miaka ya 1930. Mkate ulipoadimika Uholanzi mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, watoto wagonjwa walipata nafuu. Uliporudi, nao wakaugua tena. Mwaka wa 1950 alitoa ushahidi wake.

Lakini usikimbilie kumwachisha mtoto mkate kabla ya kumwona daktari. Kipimo cha damu na kile cha kipande cha utumbo huhitaji mgonjwa awe bado anakula ngano. La sivyo, majibu yaweza kudanganya.

Ikithibitika, tiba ni kuiacha gluteni maishani. Bahati nzuri, ugali wa mahindi, wimbi, mtama, wali, muhogo, viazi na ndizi havina gluteni. Jihadhari tu na kinu kinachosaga ngano na mahindi pamoja, na unga wa uji uliochanganywa. Utumbo hupona polepole, na mtoto huanza kunawiri.

Hadi Jumapili ijayo, kumbuka: si kila kishibishacho hujenga mwili.