Ua la Hina Kwenye Simu



Zamani biharusi alichagua maua ya hina katika daftari la mpambaji, au kwa kuutazama mkono wa jirani aliyeolewa juzi. Siku hizi, kuanzia Liwatoni mpaka Mji wa Kale, huonyeshwa simu. Na simu hiyo imejaa mikono na miguu ya maharusi waliotangulia, baadhi yao hawakuulizwa kamwe iwapo wameridhia. Mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote, leo miguu yake inazunguka katika makundi ya WhatsApp mpaka Maskati. Uso haumo, ni kweli. Lakini aijuaye pete yake amemjua.

Kwa mpambaji, picha hizo ndizo tangazo la biashara, na hatuwezi kumwambia aache tu. Ila ipo njia nyingine. Programu za kuchorea kama Sketchbook, iliyofanywa ya bure mwaka 2018, au ibis Paint ya Kijapani, humwezesha kuonyesha ua bila ya kuonyesha mwenye mkono. Achore umbo la kiganja chake karatasini, alipige picha, alifanye tabaka la chini, kisha ua lichorwe katika tabaka la juu. Akimaliza, tabaka la chini hufichwa. Mkono wa pili hauna kazi: mchoro hugeuzwa kama katika kioo. Biharusi asipopenda, jani hufutwa hapo hapo, jambo ambalo hina ikishakolea halifanyiki. (Piko zilizochanganywa rangi ya nywele, ambazo huunguza ngozi, zina mazungumzo yake.)

Najua yupo mama atakayesema binti amepata kisingizio kipya cha kushika simu. Hofu yake si ya bure. Lakini kuchora hakuhitaji intaneti. Data izimwe, na matangazo yanayorukia katika programu za bure yatapungua. Atakayepita nyuma yake ataona maua.

Tena afadhali akae na nyanya yake. Wapo wazee wanaoyajua maua ambayo hayamo katika picha za kutoka Bara Hindi na Ghuba, na hayakuandikwa popote. Nyanya aeleze, mjukuu achore, na nyanya asahihishe. Simu haitamfundisha kuibana koni kwa mkono usiotetemeka. Hilo atajifunza kwa hina yenyewe.

Michoro mingi hubaki ndani ya programu, na programu ikifutwa huondoka nayo. Kila ua likikamilika litolewe, liwekwe pamoja na picha nyingine, na nakala apewe mtu wa nyumbani. Na biharusi, kabla ya hina kugusa ngozi, amuulize mpambaji mambo mawili: ni ua gani, na je, atapiga picha?