Tiba ya mtandaoni bila mlango wa kufunga?

Jamani wenzangu, leo nina hasira. Mwanafunzi akisema amelemewa, jibu ni lile lile: "Si uingie kwa simu, kuna programu ya kuongea." Hiyo si tiba bwana!

Huko Marekani, tiba nzito ya mtandaoni kwa vijana wasiolazwa huwa kama saa 9 kwa wiki, mara nyingi siku 3 za saa 3: kikundi, mshauri wako binafsi, hata familia. Hiyo naielewa.

Sasa sisi hosteli tuko wanne chumba kimoja. Utasemaje hutaki kuishi tena na mwenzako anakaanga mayai hapo kando? Na bando la saa 9 za video, analipa nani?

Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Safi sana. Lakini kutomfunga mtu si kumtibu.

Chuo kitupe chumba chenye mlango, intaneti na mshauri wa kudumu. Vyumba vya mikutano vinalala vitupu kila jioni, tunaviona!

Na wewe uliyelemewa, usingoje chumba. Mwambie mtu leo.