Udongo Nao Uwe Somo



Mara nyingi tumesikia kanisani habari za nabii Yeremia, aliyetumwa nyumbani kwa mfinyanzi akaitazame kazi yake. Sote twaijua habari hiyo, na mmoja wetu hakosi kuiandikia insha nzuri. Lakini mpe huyo bwana wa insha bonge la udongo, umwambie afinyange chungu cha kupikia maharagwe, kisha akichome kisipasuke. Hataweza. Maneno ya mfinyanzi tumefundishwa. Kazi yake hatukufundishwa.

Maoni yangu ni kwamba ufinyanzi uwe somo kamili shuleni petu, lenye saa zake, vipimo vyake na mtihani wake, wala usiwe mchezo wa kuwapumzisha wadogo zetu wa kidato cha kwanza. Tena ufundishwe kwa kuunganisha sanaa na sayansi na ufundi, si kupamba visahani tu.

Wako watakaocheka, waseme udongo hauna elimu. Basi na tuutazame. Fanya kibao cha udongo mbichi, ukitie alama mbili zenye nafasi ya sentimita 10. Kikaushe, kichome, kisha pima tena. Pengine utakuta 9 na kitu. Ikiwa 10 imekuwa 9 kamili, basi atakaye jiko lenye mdomo wa sentimita 27 hana budi kulifinyanga 30. Hiyo ni hesabu ambayo haikubali kunakiliwa kwa jirani, maana tanuri litasema nani alikosea.

Na kemia je? Chombo kisichokauka vizuri kikitiwa motoni, maji yaliyobaki hugeuka mvuke kwa ghafula, nacho hupasuka kwa kishindo. Lakini yako maji mengine, yaliyofungamana ndani ya udongo wenyewe. Kaolini safi ina maji hayo kiasi cha 14 katika kila 100 ya uzito wake, wala jua haliwezi kuyatoa. Huanza kutoka moto unapopita digrii 450 hivi za sentigredi. Yakisha kutoka, udongo haurudi tena kuwa tope, hata ukiuloweka mwaka mzima. Chuma kilichomo ndani yake huufanya mwekundu ukichomwa penye hewa nyingi, na moto ukizibwa pumzi kwa majani na mavi ya ng'ombe, chombo hutoka cheusi. Mama wa kijijini ajua kufanya yote mawili. Sisi tunaokariri majina ya madini hatujui hata moja.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Katika shule yetu tumo sisi tutokao Dzaleka, na wamo wenzetu watokao Nsungwi na mitaa mingine ya Lilongwe. Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu kama 10,000 au 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakikaa na kufanya biashara mijini warudi kambini. Kijana amalizaye kidato cha nne hurudi humo na cheti chake, na cheti hakichemshi maji. Afadhali awe na cheti pamoja na kazi inayohitaji mikono, kisu, kijiwe laini cha kusugulia na udongo wenyewe.

Tena kazi hiyo ina wateja. Katika Malawi, zaidi ya nyumba 9 katika kila 10 hupikia kuni au makaa. Ndiyo sababu likatengenezwa jiko la udongo liitwalo chitetezo mbaula, lenye mlango mmoja, vishikio pembeni na mahali pa kukalia chungu, litumialo kuni chache kuliko mafiga matatu. Mwaka 2013 serikali ilijiwekea shabaha ya majiko bora milioni 2 kufikia mwaka 2020, na wafinyanzi wengi wa majiko hayo ni vikundi vya wanawake vijijini. Jiko hilo lina mtihani mgumu kuliko mtungi, kwa sababu hupata moto na kupoa kila siku. Mwanafunzi atakayejua achanganye mchanga kiasi gani, au vigae vilivyosagwa kiasi gani, hata lisipasuke upesi, huyo ameelimika.

Najua nitaulizwa: je, kuchoma majiko si kula kuni vilevile? Ni kweli, na neno hilo halifai kufichwa. Hapo ndipo pa kufanyia majaribio. Twayo magunzi ya mahindi na maganda ya karanga tele baada ya mavuno. Kidato kimoja na kichome kwa kuni, kingine kwa maganda, wapime uzito wa vyote na kuhesabu vyombo vilivyopasuka.

Wengine husema, Mfinyanzi hulia gaeni. Siahidi mtu utajiri. Lakini huyo wa methali hana kipimo. Akivunjikiwa na vyungu kumi hajui kwa nini, na mwaka ujao huvunjikiwa na kumi tena.

Na wavulana wenzangu husema kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Ni kweli kwamba wanawake wameihifadhi, kwa mfano wale Wakisi wa upande wa Tanzania, kando ya ziwa letu hili hili, ambao vyungu vyao vimesafiri mbali kwa mitumbwi. Hiyo ni sababu ya kuwaamkia kwa heshima, si ya kukimbia. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja, Nigeria, mwaka 1974, akajifunza kwa wanawake wa Kigwari waliofinyanga kwa mikono bila gurudumu. Leo vyombo vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho, na mwaka 2020 alipewa cheo cha Dame huko Uingereza.

Wala misheni haiwezi kusema haijapata kuona jambo kama hili. Kule Mua, wilaya ya Dedza, Padre Claude Boucher alianzisha kituo cha Kungoni mwaka 1976, na wachongaji wa hapo wanajulikana mbali. Kilichowezekana kwa mti kitashindikanaje kwa udongo?

Tunachohitaji si kikubwa. Kwanza, mama mmoja au wawili wafinyanzi waalikwe kufundisha pamoja na mwalimu wa sayansi, nao walipwe kama walimu, si kupewa soda na ahsante. Pili, wakubwa wazungumze na wazee wa vijiji jirani, maana udongo mzuri umo katika madambo yao na hatuwezi kuchimba bila ruhusa. Tatu, tanuri dogo la matofali. Hapa nawageukia ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza, hasa mlio mafundi wa ujenzi: matofali 400 na siku mbili za kazi yenu zingetosha kuanzia. Mvua huanza mwezi wa Novemba, na dambo likijaa maji hakuna achimbaye, basi yafaa ruhusa iombwe muhula huu.