Ordinatere ya mtoto anayevuka mto

Katika vikundi vyetu, wengi wanaongojea zamu ya likelemba wanasema kwamba feza ile itanunua ordinatere ya mtoto. Ni feza ya miezi mingi, kwa hiyo tuzungumze mbele ya kuitoa.

Lubunga ndiyo komini pekee ya Kisangani iliyo ukingo wa kushoto wa mto. Iniversite iko ng'ambo. Mtoto wetu atapanda pirogi asubuhi, kisha pikipiki, na jioni atarudi vilevile. Tununue mashine ya safari hiyo, si ya kukaa mezani.

Kwanza tuulize diski yake. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, na mitikisiko ya pikipiki inaweza kuiharibu pamoja na kazi yote ya mtoto. Ile wanayoita SSD haina kitu kinachozunguka. Hapo tusikubali kupunguza. Kioo cha inchi 14 kinatosha. Cha 15 ni kizito begani. Memori iwe 8, maana 4 inachosha mtu.

Mashine za okazyo zilizotoka maofisini, kama Lenovo ThinkPad, Dell Latitude au HP EliteBook, sisi tunazipenda kuliko mpya za bei ndogo, kwa sababu ni ngumu na vipuri vyake hupatikana. Lakini angalia namba baada ya i5. Ikianza na 8, kama i5-8250U, inapokea Windows 11. Zilizo chini yake nyingi zimebaki na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji akishusha bei haraka sana, mara nyingi sababu ni hiyo.

Usilipe kabla ya kuiwasha bila sharja. Ifungulie video, ukae nayo nusu saa. Batri ikizimika hapo sokoni, nyumbani umeme ukikatika itakuwaje? Angalia pia herufi: watoto wetu wamezoea AZERTY, na nyingi zinazopitia Uganda au Dubai ni QWERTY. Hiyo si sababu ya kukataa, ila ni sababu ya kupunguza bei. Ikiomba neno la siri la kampuni fulani, iache.

Katika pirogi izimwe kabisa, ifungwe katika plastiki mbili, begi likae kifuani. (Na jile ya kuokoa maisha inavaliwa kwanza, ordinatere baadaye.)

Neno moja bado. Nyumba yenye binti na kijana wanaosoma, mashine moja, tumeona inaishia mikononi mwa kijana, na binti anaandika memwari yake usiku kwa simu. Feza ilitoka kwa mama. Basi mama aandike siku za kila mmoja kwenye karatasi, aibandike ukutani, na mwenye kazi ya kutoa mapema aitumie kwanza.