Nyimbo Zilizowapita Waimbaji Wake

Makossa ni muziki wa dansi wa Douala, mji wa bandari ulio kando ya mto Wouri nchini Kamerun, na nyimbo zake nyingi zimeimbwa kwa Kiduala, lugha ya Kibantu ya wenyeji wa mji huo. Vitabu vya muziki wa Afrika vimezoea kuisimulia historia yake kama orodha ya nyota: huyu alitoka na kibao mwaka fulani, akatamba, akafifia, akaja mwingine. Toleo hili limepangwa kwa hoja tofauti. Maisha ya kisanii ya mwimbaji wa makossa hayaelezwi na idadi ya vibao vyake. Yanaelezwa na mahali wimbo uliporekodiwa, aliyelipia studio, waliopiga ala, na aliyepokea fedha wimbo ulipovuka mipaka. Ukivifuatilia vitu hivyo, jambo moja linajirudia: nyimbo za makossa zimefika mbali kuliko wenyewe, na mara nyingi zimefika huko bila wao kujua.

Mwanzo wake haukuwa na makuu. Kabla ya miaka ya 1950 vijana wa Douala walicheza ambasse bey na asiko, muziki wa gitaa kavu na chupa inayogongwa kuweka mapigo. Bandarini na redioni zikaingia rumba ya Kongo, highlife ya Afrika Magharibi na merenge ya Karibi, na mchanganyiko huo ukazaa mtindo mpya ambao kuenea kwa jina lake huhusishwa na Emmanuel Nelle Eyoum na bendi yake ya Los Calvinos. Kanisa nalo lilikuwa na mchango ambao husahaulika. Eboa Lotin, aliyezaliwa mwaka 1942, alikuwa mtoto wa Lotin Samè, mchungaji wa Kibaptisti na mtunzi mashuhuri wa tenzi za Kiduala. Mguu wake mmoja ulidhoofika tangu utotoni kwa sababu ya sindano ya kwinini. Alianza kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, gitaa mkononi na kinanda cha mdomo shingoni, akiimba mambo ya mapenzi na ya mtaani kwa utulivu wa mtu anayehubiri bila mimbari. Alifariki mwaka 1997 akiwa anaheshimiwa na kila kizazi cha makossa kilichomfuata, ingawa nje ya Kamerun jina lake halikuvuma kiasi hicho.

Jina lililovuma ni la Manu Dibango, na hapo ndipo utata unapoanzia, kwa kuwa Dibango hakuwa mwimbaji wa makossa kwa maana ya kawaida. Alikuwa mpuliza saksafoni wa jazi. Alizaliwa Douala mwaka 1933, akapelekwa Ufaransa mwaka 1949 kusoma, akiwa na kilo tatu za kahawa za kumlipa mwenyeji wake. Kahawa hiyo ndiyo iliyokipa jina kitabu cha maisha yake. Huko Brussels alikutana na Joseph Kabasele wa bendi ya Kongo ya African Jazz, akafuatana naye hadi Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1960, akapiga rumba na kuendesha klabu ya muziki kabla ya kurudi Douala na hatimaye Paris. Kwa hiyo alipofika kwenye kibao kilichomtangaza alikuwa ameshakuwa mwanamuziki wa miji minne, na makossa ilikuwa kiungo kimoja tu jikoni mwake.

Kibao chenyewe kilipenyea dirishani. Mwaka 1972 Kamerun iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Dibango akatakiwa kutunga wimbo wa mashindano. Wimbo rasmi uliwekwa upande wa kwanza wa santuri. Upande wa pili akauweka "Soul Makossa", wenye kigugumizi cha makusudi katika kiitikio. Timu ya nyumbani ilitolewa katika nusu fainali na Kongo-Brazzaville, ikaishia nafasi ya tatu, na wimbo wa kombe ukapoteza kazi yake. Santuri chache zilifika New York. David Mancuso, aliyekuwa akipiga santuri katika karamu zake za usiku, akaupiga ule upande wa pili. Mtangazaji Frankie Crocker akauchukua redioni, na kwa kuwa santuri halisi hazikupatikana madukani, bendi za Marekani zikakimbilia kuunakili. Nakala ya bendi moja iliyojiita Afrique iliingia kwenye chati ya Billboard katika msimu uleule. Kampuni ya Atlantic ilipopata haki ya kuutoa wimbo wenyewe, ulifika nafasi ya 35 mwaka 1973.

Kilichofuata ndicho kinachoufanya wimbo huu kuwa funzo kwa wanaochunguza hakimiliki. Mwaka 1982 Michael Jackson alitumia kiitikio kinachofanana na kile cha Dibango mwishoni mwa "Wanna Be Startin' Somethin'", wimbo unaofungua albamu ya Thriller, bila jina la Mkamerun huyo kutajwa. Dibango alichukua hatua za kisheria, na suala likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Mwaka 2007 Rihanna akaomba ruhusa ya kutumia kiitikio hichohicho katika "Don't Stop the Music", lakini aliyeombwa ruhusa alikuwa Jackson. Dibango alirudi mahakamani mjini Paris mwaka 2009, na dai lake likakataliwa kwa hoja kwamba alikwisha kupata ridhaa ya kutajwa jina katika matoleo ya Ufaransa. Haya yalimpata msanii mwenye makao Ufaransa, mwenye mawakili na mwenye jina. Aliyekuwa anaishi katika mitaa ya Douala kama Deïdo au New Bell, na mkataba wake ukiwa karatasi moja, asingefika hata kwenye mlango wa mahakama hiyo.

Si kwamba mlango ulikuwa umefungwa kabisa. André-Marie Tala, mwanamuziki kipofu kutoka nyanda za magharibi ambaye muziki wake ni jirani wa makossa, alitoa "Hot Koki" mwaka 1973. James Brown aliuchukua karibu wote katika wimbo wake wa mwaka 1975, na Tala alidai haki yake mahakamani akaipata. Kesi yake hutajwa mara chache kuliko ya Dibango, pengine kwa kuwa iliisha vizuri.

Baada ya "Soul Makossa" waimbaji wa Douala walielewa kwamba fedha na sauti safi viko Paris. Ekambi Brillant alitangulia katika miaka ya 1970, na "Elongi" ukawa miongoni mwa vibao vya kwanza vya makossa kusambaa Afrika ya Magharibi na ya Kati. Yeye huyo ndiye aliyesimamia albamu ya kwanza ya Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1981, miaka kumi kabla Kidjo hajaiimba "Malaika" ya Afrika Mashariki katika albamu ya Logozo. Nyumbani, bendi ya Black Styl ya Nkotti François iliwalea vijana kama Emile Kangue na mpiga gitaa Toto Guillaume.

Toto Guillaume ndiye anayeonyesha vizuri zaidi jinsi kazi hii ilivyoendeshwa. Alikuwa mwimbaji mwenye santuri zake, lakini uzito wake mkubwa ulikuwa ndani ya studio. Yeye, mkung'uta besi Aladji Touré, mpiga dramu Valéry Lobé na wenzao wachache waliokuwa Paris waliitwa na mashabiki "timu ya taifa ya makossa", kwa sababu walipiga karibu katika kila santuri iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwimbaji alipanda ndege na nyimbo zake kichwani, mtayarishaji akalipia studio, na timu hiyo ikampangia ala kwa siku chache. Utaratibu wao ulitambulika mara moja: dramu ya mguu ikipiga kila pigo, besi ikisema zaidi ya gitaa, tarumbeta zikikata, wanawake wakiitikia, kisha mashairi yakiisha linakuja chemko, kama wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam wangeliita, ambapo ndipo watu husimama kucheza. Moni Bilé alipata umaarufu kwa njia hiyo mwaka 1982, akafuatwa na Ben Decca, Dina Bell, Guy Lobé na wengine. Zilikuwa sauti tofauti, lakini mikono iliyopiga ala ilikuwa ileile, na ndiyo maana santuri za miaka hiyo zinafanana kiasi hicho. Kuwalaumu waimbaji kwa kufanana ni kuwaonea.

Wanawake walifika mbele ya kipaza sauti kwa kupitia nyuma yake. Charlotte Mbango alikuwa mwitikiaji katika studio za Paris kabla ya kutoka na "Konkai Makossa" mwishoni mwa miaka ya 1980. Grace Decca alitoka katika familia ya Ben Decca, ambamo ndugu kadhaa waliimba. Bébé Manga alifuata njia nyingine kabisa. Alikuwa mzaliwa wa Mamfé, katika eneo linalozungumza Kiingereza, na mwaka 1980 alijulikana bara zima kwa "Amié", wimbo wa Kiduala ambao hakuutunga yeye. Mtunzi alikuwa Ebanda Manfred, aliyeutoa miaka karibu ishirini kabla. Umerekodiwa tena na tena tangu hapo, hata na Dibango mwenyewe katika Wakafrika ya mwaka 1994, na msikilizaji wa kawaida huutaja kuwa wa Bébé Manga. Wasomaji wanaokumbuka ubishi kuhusu mtunzi wa "Malaika" watauelewa mkasa huu bila maelezo marefu.

Mkasa mkubwa zaidi wa aina hiyo uliwapata watu ambao hawakuwa nyota wa studio hata kidogo. Golden Sounds walikuwa askari wa kikosi cha walinzi wa rais, waliojaza mito ndani ya sare zao kuiga makamanda wenye vitambi. Mwaka 1986 walitoa "Zangaléwa", wimbo uliofinyangwa kutokana na mizaha ya kambini. Ulipendwa kiasi kwamba bendi ilibadili jina ikajiita Zangaléwa. Ukavuka bahari, ukapigwa katika pwani ya Kolombia, ukarekodiwa kwa Kihispania na Las Chicas del Can wa Jamhuri ya Dominika. Mwaka 2010 Shakira, Mkolombia, akautia katika wimbo wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na malipo ya watunzi yakapatikana kwa mapatano baada ya malalamiko. Askari wale walikuwa wamekwisha kustaafu.

Nyumbani, msingi wa kiuchumi ulikuwa ukibomoka. Kaseti za kunakili kwa wizi zilipatikana sokoni muda mfupi baada ya santuri kutoka, kwa bei ambayo mtayarishaji halali hakuweza kushindana nayo. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1985 ikiwa na makao Yaoundé, na bikutsi, muziki wa eneo hilo, ikapata kioo ambacho makossa haikuwahi kupata ilipokuwa peke yake kileleni. Kisha Januari 1994 faranga ya CFA ilipunguzwa thamani kwa nusu dhidi ya faranga ya Ufaransa. Mahesabu ya kipindi hicho hayaelezwi sana katika maandishi ya muziki, lakini yana uzito kuliko ladha za wasikilizaji: siku moja ya studio ya Paris iligharimu ghafla mara mbili kwa mtu mwenye fedha za Douala.

Waliostahimili walikuwa wale walioweza kuishi bila utaratibu wa Paris. Petit Pays, aliyeanza mwaka 1987, aliunda kundi lake la Les Sans Visa, akatoa albamu kwa kasi na kuzungukwa na vituko; albamu ya Class M ya mwaka 1996 ilikuwa na picha yake akiwa uchi, na kelele zilizofuata zilifanya kazi ambayo tangazo lisingeweza. Wapo wanaomwona kuwa mwanzo wa anguko la makossa. Ushahidi unaelekea upande mwingine: ndani ya kundi lake walikomaa waimbaji kadhaa waliobeba muongo uliofuata, wakati ndombolo ya Kongo na baadaye coupé-décalé ya Côte d'Ivoire zilipokuwa zikijaza vilabu vya Douala.

Mwimbaji Lapiro de Mbanga yeye aliadhibiwa kwa maneno yake. Tangu miaka ya 1980 aliimba kwa pijini ya wachuuzi na madereva, lugha ambayo makossa ya mapenzi ilikuwa imeikwepa. Mwaka 2008, Katiba ilipobadilishwa kuondoa ukomo wa mihula ya rais, alitoa wimbo wa kuipinga hatua hiyo, akakamatwa Aprili na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa madai ya kuchochea ghasia. Aliachiwa mwaka 2011, akapata hifadhi Marekani, akafariki Buffalo mwaka 2014.

Vyama vya hakimiliki vya Kamerun vimeundwa, vikavunjwa na kuundwa upya kwa majina tofauti mara kadhaa tangu miaka ya 1980, na wanamuziki wenyewe wamepanda na kuanguka ndani yake. Hata Dibango alikabidhiwa uongozi wa kimoja mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini hakudumu. Alifariki Machi 2020 kwa UVIKO-19. Ekambi Brillant akamfuata Desemba 2022. Charlotte Dipanda, aliyezaliwa mwaka 1985, anaimba Kiduala kwa gitaa tulivu lililo karibu zaidi na Eboa Lotin kuliko na timu ya Paris, na amekuwa mwalimu katika mashindano ya uimbaji ya televisheni kwa nchi zinazozungumza Kifaransa. Ni miongoni mwa kizazi cha kwanza ambacho wimbo wake unaweza kuuzwa Abidjan au Paris bila kupitia kwa mtayarishaji wa santuri. Makala za toleo hili zinachunguza ni sehemu gani ya fedha hizo inayorudi Douala, na kwa mkono wa nani.